Mrejesho: daftari la Hatua ya 4

Niliuliza jinsi ya kuandika Hatua ya 4 kati ya zile hatua 12 za AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya kusaidiana kuacha pombe), ile ya kujichunguza kimaadili, bila kukwama kwenye jina la kwanza. Asanteni sana, jibu lililofanya kazi ni hili: gawa ukurasa safu nne, kisha jaza safu moja kwenda chini hadi iishe, usijaze jina moja kwa kuvuka safu zote. Safu ya 1 ni majina yote ya watu na taasisi unazozikasirikia. Yakiisha, ndipo safu ya 2: sababu, sentensi moja tu. Ya 3 ni kilichoguswa: heshima, usalama, fedha au mahusiano. Ya 4 ni sehemu yako mwenyewe: ubinafsi, uongo, woga. Ukivuka hivyo, jina la kwanza linageuka hadithi ya kurasa tatu, hasira inapanda, na wengi huacha hapo hapo.

Walioumizwa nawe watie alama. Ndio mwanzo wa orodha ya Hatua ya 8, ile ya kuorodhesha watu uliowaumiza. Na jamani, panga na mdhamini (mwenzako mzoefu anayekuongoza kwenye hatua) tarehe ya Hatua ya 5, ile ya kumweleza mtu mwingine ulichoandika, kabla hujaanza kuandika, maana daftari lililojaa likikaa miezi linaelemea.

Anayetetemeka au kupata degedege baada ya kuacha pombe ghafla apelekwe hospitali haraka. Daftari litasubiri.