Digrii ya takwimu, niende nayo ama nibadilishe?

kondele_mdogo: Wasee habari zenu, niko Kisumu, nimeitwa Chuo Kikuu cha Maseno kusoma takwimu. Mzee nyumbani anasema hiyo si kozi, ati nikimaliza nitahesabu nini. Mimi naipenda sana lakini naogopa, ni ngumu kiasi gani na kazi ziko kweli?

mama_data_nakuru: Nenda mdogo wangu. Mwanzo ni kalkulasi (hesabu za mabadiliko) na matriki (majedwali ya namba) tu, takwimu yenyewe huioni sana, usife moyo. Utamu uko kwa probabiliti, yaani hesabu za uwezekano, na mimi ilinisumbua vibaya mpaka siku moja nikakaa chini na shilingi nikairusha mara 10 nikapata kichwa 7, nikaendelea hadi 500 na sehemu ya vichwa ikasogea karibu na nusu, hapo ndio nikashika. Anza R mapema, ni programu ya bure ya takwimu na laptop nzee inaibeba.

omosh_wa_kakamega: Mwambie mzee sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296 Kenya, sasa nani alipanga hiyo kazi yote? Benki, bima, utafiti wa malaria huku upande wa ziwa, kote wanataka watu wa data. Lakini kazi haikungojei getini, tafuta atachimenti (mafunzo ya kazini) mapema na ujue kuandika ripoti, bosi hataki jedwali anataka kuambiwa linamaanisha nini.

kondele_mdogo: Asanteni sana, jioni naketi na mzee. Mama data, hizo matriki zinarudi tena baadaye?

mama_data_nakuru: Kwa regresheni, yaani kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine, zote. Usitupe noti.