Mtoto wa miaka minne, kila asubuhi "tumbo linauma". Zahanati hawaoni kitu. Nifanyeje?

MwalimuWaMkeka aliandika:

Habari za jioni wadau. Nafundisha chekechea hapa Kigoma mjini, si mbali na Kibirizi. Watoto 26, chumba kimoja, mkeka mmoja na nusu (nusu ile ilikatwa na panya). Huu ni mwaka wangu wa tatu na sijawahi kushindwa na mtoto namna hii.

Ni wa kiume, miaka minne. Mama yake anaanika dagaa, baba ni mvuvi wa usiku. Akifika asubuhi ananisalimia vizuri, "shikamoo mwalimu", kisha haipiti nusu saa kashika kitovu: "Mwalimu, tumbo linauma." Halii. Anaenda kukaa mlangoni, begi mapajani, kama abiria anayesubiri treni. Hachezi na mtu. Ukija uji wa saa nne anakunywa vikombe viwili na kuulizia cha tatu. Sasa hilo ni tumbo gani?

Mama kampeleka zahanati mara mbili. Malaria hakuna, choo kizuri, mkojo mzuri, dawa ya minyoo kameza. Mara ya tatu mama kachoka, kamwambia mbele yangu: "Wewe muongo." Mwenzangu hapa shuleni naye anasema anadeka.

Mimi nikakumbuka semina ya MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) niliyohudhuria. Tuliambiwa habari za "malezi yenye mwitikio", nikaliandika neno kwenye daftari, nikalipigia mstari, nikarudi nyumbani na neno lenyewe tu. Basi nikatafuta kwenye simu zile picha za nyuso za duara, inayocheka, iliyonuna, yenye hasira, nikaenda kuzichapisha. Wino wa rangi hawakuwa nao. Nikawauliza watoto: "Huyu ni nani?" Darasa zima: "CHAPATI!" Mmoja akaongeza, "chapati inacheka." Tangu siku hiyo kipindi kinaitwa chapati. Na majibu yao ni mawili tu, anacheka au analia. Nilipomuuliza kijana wangu kama anaogopa kitu, alinitazama akasema: "Hapana. Tumbo."

Nyumbani kwao wanaongea Kiha, Kiswahili chake ni cha kuokota mtaani, huenda hilo nalo limo. Naomba mwenye uzoefu aniambie: mtoto mwenye neno moja tu la "tumbo" unamfikiaje?

---

KakaMkavu alijibu:

Anadeka huyo. Sisi darasani tulikuwa mia na kitu, ukishika tumbo unapelekwa kumwagilia bustani na linapona. Hizo hisia mnazitoa wapi siku hizi?

---

NesiWaMilimani alijibu:

Mwalimu, pole na kazi. Mama alifanya vizuri kuanza na vipimo, msimlaumu. Na aendelee kuangalia: homa, kutapika, damu kwenye choo, maumivu yanayomwamsha usiku, kupungua uzito, kulia akikojoa, au maumivu yaliyokaa upande mmoja mbali na kitovu. Likitokea mojawapo, arudishwe siku hiyo hiyo.

Lakini neno "muongo" mliache. Tumbo na ubongo vimeunganishwa na neva, na mtoto mwenye hofu tumbo linamsokota kweli. Sisi wenyewe kabla ya mtihani tulikuwa tunapanga foleni chooni, nani alituita waongo? Umri huo maumivu ya kitovuni yasiyo na ugonjwa unaoonekana tunayapokea mara nyingi, hasa siku za shule.

Kuhusu kutaja hisia kwa jina, si mambo ya kudekeza. Kuna utafiti wa mwaka 2007 wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles. Watu walilazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaonyeshwa nyuso zenye hasira na woga. Walipoipa hisia jina, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilipungua kasi. Walikuwa watu wazima, si wa chekechea, kwa hiyo sikuahidi muujiza.

Ila usimuulize "unaogopa?". Mtoto wa miaka minne anasikia kama anashtakiwa. Sema wewe, kwa kukisia: "Naona umekaa na begi. Labda unataka kwenda nyumbani." Kisha nyamaza. Ukikosea atakusahihisha, na kusahihisha nako ni kuongea.

---

BintiWaKatonga alijibu:

Mwalimu, mimi sikubali kwamba huyo mtoto hana maneno. Kiswahili chetu hisia zinakaa mwilini. Tunasema roho inaniuma, moyo umenipasuka, damu imenichemka. Na mtu mwenye hofu tunasema yuko TUMBO JOTO. Kwa hiyo mwanao anaongea Kiswahili fasaha, sisi ndio tunaomkimbizia kipimo cha choo. Ulichomletea wewe ni chapati, na kusema kweli hata mimi ningekujibu chapati.

Halafu hili. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Fungua daftari lako la mahudhurio, weka alama kila siku ya tumbo, halafu uangalie na mwezi. Sisemi kalenda, nasema mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani siku za giza, kwa sababu dagaa wanafuata taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, wanapumzika, wanashona nyavu. Ukipata jibu uje utuambie.

---

MwalimuWaMkeka alijibu:

Dada wa Katonga, nakaa Kigoma miaka yote hii na sikuwaza kuhesabu mwezi. Naanza kesho. Nesi, nimekuelewa, ahsante. Kaka Mkavu, bustani hatuna.

---

MwalimuWaMkeka aliandika (wiki tano baadaye):

Nimerudi na daftari.

Wiki nne, siku 20 za shule. Siku za giza zilikuwa 14, tumbo limeuma siku 12. Siku za mbalamwezi 6, limeuma siku moja. Nilimwonyesha mama yake, akakaa chini kwenye ngazi.

Mambo yalivyo ni hivi. Siku za giza mtoto anatoka nyumbani saa moja na nusu na baba hajarudi, bado yuko mwaloni anauza. Mbalamwezi ikiwepo, baba ndiye anayemleta shuleni. Na mama akanisimulia kuwa kabla ya mvua kuanza mtumbwi wa majirani ulipinduka usiku kwa upepo. Watu wote waliokolewa, lakini wakubwa waliisimulia ile habari wiki nzima, na huyu alikuwepo anachezea vifuniko chini ya meza. Hakuna aliyemwona.

Niliacha nyuso. Nikachukua manila, nikachora ziwa mara tatu: limetulia, lina vimawimbi, limechafuka. Kila mtoto ana kizibo chake cha soda nilichokipaka rangi, akiingia anakiweka anapotaka. Sikuwafundisha maana. Siku ya kwanza walibandika hovyo, wengine wakaviiba vizibo. Siku ya tatu binti mmoja akaweka kwenye limechafuka na kukaa kimya. Nikasema, "Mh, leo limechafuka." Akafoka: "Dada kavaa ndala zangu!" Nikamwambia hiyo ni hasira. Mwingine akadakia, yeye kwao kuna mtoto mchanga na hapakatwi tena. Nikamwambia huo unaitwa wivu na kila mtu anao, hata mwalimu. Walitaka sana kujua wa mwalimu ni wa nini. Nikawaambia wa shule yenye mikeka mizima.

Kijana wangu aliweka chake kwenye limechafuka siku nne mfululizo. Siku ya nne, kama alivyonielekeza nesi, nikakisia: "Labda unamuwaza baba ziwani." Akakiondoa kizibo, akakishika, akauliza: "Ameshashuka?"

Hilo tu ndilo alilokuwa anaulizia mlangoni muda wote huo.

Nikaongea na baba. Mtu wa maneno machache, nilidhani atanicheka. Sasa kila akishuka mwaloni ananibipu. Simu ikilia mara moja na kukata, mtoto anajua, anaweka begi chini. Mara nyingi ni saa mbili na robo. Kuna siku simu ya baba iliisha chaji, siku hiyo ilikuwa ngumu na sikuwa na la kumwambia zaidi ya "mimi pia nasubiri". Tukasubiri pamoja mlangoni mpaka saa nne.

---

KakaMkavu alijibu:

Kwa hiyo sisi akina baba tukienda kazini tuwe tunaripoti kwa chekechea? Haya. Naulizia tu, huo mchoro wa ziwa unaweza kutumika na mtoto wa miaka sita? Ninaye mmoja, tangu nihamishiwe Tabora haongei na mimi kwenye simu, anampa mama yake.

---

NesiWaMilimani alijibu:

Unaweza, Kaka. Ila usianze na yeye. Mwambie la kwako kwanza likoje, halafu usiulize la kwake siku hiyo.

Mwalimu, ulifanya vema kutomwambia "baba yuko salama" kabla hujajua. Endelea hivyo hivyo.

---

BintiWaKatonga alijibu:

Mimi nilikuwa nangoja mlio wa mashine ya boti. Nilikuwa naitofautisha ya baba na za wengine kumi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini naamka mapema.

---

MwalimuWaMkeka alijibu:

Kaka Mkavu, nitapiga picha mchoro niuweke hapa, ila vizibo tafuta mwenyewe.

La mwisho, nisije nikawapa picha ya mafanikio matupu. Jana kashika tumbo tena. Mbalamwezi ipo, baba kamleta mwenyewe, nimewaona wameshikana mikono. Nikaanza kuwaza nimekosea wapi. Nikamwita, nikamuuliza, "Ziwa likoje?"

"Limetulia."

"Sasa tumbo?"

"Nimekula maembe mabichi."