Maboga yanachanua kila siku lakini hayashiki matunda: naombeni ushauri

Mleta mada
Wanajukwaa, salamu. Masika yalipoanza hapa Kibaha nilipanda nyuma ya nyumba mbegu nane za boga tulilolipika futari, baada ya kuziosha na kuzianika kivulini. Tano ziliota ndani ya wiki moja. Tatu zilioza, na kosa ni langu, kwa kuwa nilizifukia mahali panapotuama maji. Kila shimo nililitia ndoo ya samadi ya kuku, kisha nikarudia mara mbili kwa urea. Sasa ni wiki ya nane, majani yametanda kama ungo na matawi yamevuka ua hadi kwa jirani, lakini kila ua linalochanua linanyauka na kuanguka. Je, niyang'oe nipande mbegu za dukani?

Mchangiaji wa kwanza
Pole, ndugu. Hayo ni maboga dume, sawa na mpapai dume. Ng'oa, usipoteze maji.

Mchangiaji wa pili
Kwa heshima, nampinga aliyenitangulia. Mipapai mingi huwa ama dume ama jike, lakini shina moja la boga hutoa maua ya jinsia zote mbili, na kwa kawaida madume hutangulia kwa wiki moja au zaidi, hivyo kuanguka kwake si ugonjwa. Mleta mada, kesho alfajiri kagua maua yako: dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, ilhali jike huwa na kiboga kichanga chini yake, kama gololi. Je, majike yapo? Na je, unapiga dawa ya wadudu?

Mleta mada
Ahsante sana. Nimekagua na kuona majike matatu. Viboga vya mawili vimegeuka njano na kulainika. Dawa napiga saa moja asubuhi, kwa sababu mbawakawa wanatoboa majani.

Mchangiaji wa pili
Basi tatizo lako liko hapo. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na chavua yake ni nzito, inanata, haipeperushwi na upepo. Bila nyuki haifiki kwenye ua jike. Wewe unapiga dawa saa ileile nyuki wanapoingia kazini. Acha dawa hiyo, uwaokote mbawakawa kwa mkono mapema wakiwa bado wazito kwa baridi. Mashina matano hayakushindi. Wakati nyuki wanarudi, chavusha mwenyewe: chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, lichambue petali zake, kisha upakaze kile kijiti chake chenye unga wa njano katikati ya ua jike, pande zote. Ua la jana halifai. Kiboga kilichoshika huanza kunenepa ndani ya siku chache.

Mchangiaji wa tatu
Naongeza kuhusu urea, kwa sababu hata nyuki wakirudi jambo hili litabaki. Samadi ya kuku peke yake ina naitrojeni nyingi, na ukiizidishia urea mmea unaendelea kujaza majani na kuchelewesha maua majike. Simamisha mbolea hiyo kabisa. Mashina matano yaliyobanana nayo ni mengi kwa uwanja mdogo. Mimi huacha mita mbili kati ya shimo na shimo.

Mleta mada
Nimeelewa, na nimeshachavusha lile jike la tatu leo. Swali la mwisho: mama mkwe anachuma majani kwa ajili ya mboga kila jioni. Nimzuie?

Mchangiaji wa tatu
Usimzuie, mwombe tu achume ncha changa za matawi ambayo hayana kiboga, kwani kukata ncha huchipuza matawi ya pembeni. Yale majani makubwa yaliyo jirani na boga ayaache, maana ndiyo yanayolilisha mpaka kikonyo kikauke na ganda likatae kuingia ukucha.

Mleta mada
Nitamfikishia, ingawa kwa maneno laini kuliko hayo.