Seva inagoma kufungua koneksheni mpya jioni, msaada wakuu

kijana_wa_php:
Wakuu habari, nina apu ya PHP kwenye Linux na Redis (ile hifadhi ya data ya kwenye RAM) ipo mashine nyingine, mchana mambo safi ila jioni watu wakijaa logi inajaa EADDRNOTAVAIL (kosa la kusema anwani haipatikani), CPU imelala, RAM ipo ya kumwaga, sasa tatizo nini? Nimepandisha ulimit (kikomo cha faili zinazofunguliwa) wala haijasaidia

mzee_terminali:
Ulimit haihusiki hapo mkuu, hiyo ingekuletea "Too many open files". Wewe umeishiwa poti, zile namba ambazo kila koneksheni inayotoka lazima ishike moja. Piga ss -s (amri ya kuhesabu koneksheni) jioni hiyohiyo uangalie timewait, yaani zilizofungwa ila poti bado imeshikwa

kijana_wa_php:
timewait 28103 😳

mzee_terminali:
Ndo hivyo. Linux kwa kawaida inatoa poti 32768 mpaka 60999, yaani 28,232 tu kwenda anwani moja na poti moja, na kila ukifunga koneksheni ile poti inakaa TIME_WAIT sekunde 60, kwa hiyo ukivuka kama 470 kwa sekunde umekwama. Kwenye kodi badilisha connect() iwe pconnect() ili koneksheni itumike tena na tena

dada_netiweki:
Naongezea, washa net.ipv4.tcp_tw_reuse=1 (poti iliyo TIME_WAIT iweze kutumika tena) na upanue ip_local_port_range (wigo wa poti), japo hiyo ni panadol tu. Ukikuta blogu za kale zinakwambia tcp_tw_recycle achana nazo, ilikuwa inatupa koneksheni za watu walio nyuma ya NAT (wengi wanaotoka kwa IP moja) na kwenye kerneli (kiini cha Linux) 4.12 waliitoa kabisa

kijana_wa_php:
pconnect imekubali, timewait imeshuka hadi mia na kitu. Shukrani wakuu