Nimefika Granada kusoma, mwenye nyumba hataki nijiandikishe manispaa. Nifanyeje?

Mwana_Pangani: Wakuu, habari za majukumu. Nimeingia Hispania mapema mwezi huu kusoma shahada ya uzamili. Nimepata chumba kwenye nyumba ninayoishi na wanafunzi wengine wawili, mkataba nimesaini, amana nimelipa. Sasa mwenye nyumba ananikataza kujiandikisha manispaa kwa anwani yake, eti nitamletea mambo ya kodi ya serikali. Chuoni nao wanasema kadi ya ukaazi niiombe ndani ya mwezi mmoja tangu niingie nchini, na niende na cheti cha makazi, kile cha manispaa. Nimebanwa.

La pili ni lugha. Kihispania nilisoma Dar, lakini watu wa huku wanameza herufi, ile "s" ya mwisho huisikii kabisa. Darasani naambulia nusu. Jioni nakula saa moja peke yangu, wenzangu wanaingia jikoni saa tatu na nusu nimeshalala. Nyumbani siwaambii, mama atakosa usingizi. Mliopita huku naombeni mwongozo.

Shangazi_Tanga: Pole sana mwanangu. Mama mpigie. Anajua sauti yako kuliko unavyodhani.

Mzee_wa_Valencia: Mdogo wangu, tuanze na karatasi, hizo ndizo zina tarehe. Kujiandikisha manispaa (empadronamiento) ni wajibu wa kila anayeishi Hispania, wewe pamoja. Ukiwa na mkataba wenye jina lako, ruhusa ya mwenye nyumba haihitajiki. Chukua miadi ya ayuntamiento (ofisi ya manispaa), nenda na pasipoti na mkataba.

Miadi ya alama za vidole za kadi ya ukaazi kwa Policía Nacional (polisi wa taifa) itafute leo hii, usingoje cheti kitoke, maana nafasi huisha upesi mno. Andaa fomu ya kuombea kadi (EX-17), risiti ya ada ya kadi (fomu 790 namba 012) uliyokwisha kulipia benki, picha, pasipoti na barua ya chuo. Watakupa karatasi ya kuonyesha kwamba kadi inatengenezwa: itunze. Ukipata dharura ya kurudi nyumbani kabla kadi haijatoka, waulize kwanza polisi utahitaji karatasi gani za kurejea, usije ukakwama njiani ukirudi.

Kijana_Makini: Mkuu wa Valencia, nakubali sheria iko hivyo, ila dogo anaishi kwa huyo bwana mwaka mzima. Aongee naye kwanza kwa adabu.

Mzee_wa_Valencia: Aongee, sawa. Lakini ule mwezi mmoja wa kuombea kadi usiishie kwenye kumbembeleza huyo bwana.

Binti_Kilindini: Mimi nilisoma hapo hapo Granada. Kaka, badilisha saa zako za kula, mengine yatafuata. Chakula kikubwa ni saa nane hadi saa kumi mchana. Saa kumi na mbili jioni tia kitu kidogo tumboni, kisha usubiri ule na wenzako. Kihispania changu kilifunguka jikoni, tukimenya vitunguu, kabla hakijafunguka darasani. Mwalimu mwombe slaidi mapema, wengi hawana shida. Na wanafunzi wenzio wakikuita kutoka, nenda hata kama ni soda tu: Granada ukinunua kinywaji unaletewa tapa (kisahani cha kitafunio) bila malipo. Kama huli nguruwe sema "sin cerdo" kabla hawajaleta. Bucha za halali za Wamoroko zipo. Unga wa mahindi wa Wavenezuela umeshapikwa kiwandani, mimi ugali wake ulinishinda. Tafuta duka la Waafrika.

Jambo moja ambalo hujauliza: uliza sasa hivi gharama ya kupasha nyumba joto nani analipa. Milima ya Sierra Nevada iko hapo juu yako, na Januari usiku baridi hushuka karibu na sifuri.

Mwana_Pangani: Mungu awabariki nyote. Miadi ya manispaa nimepata Jumanne, na leo nakula na wenzangu. Mkataba nitoe nakala ya ukurasa wa saini tu?

Mzee_wa_Valencia: Kurasa zote. Na mkataba wenyewe uwe nao mkononi.