Naomba ushauri: tutumie neno gani la Kiswahili kwa kuwaweka askari katika nyumba za raia?

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima kutoka Masasi. Ninaandaa somo la historia kwa darasa la watu wazima, nami nimekwama kwenye Marekebisho ya Tatu ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1791, yanayokataza askari kuwekwa katika nyumba yoyote wakati wa amani bila ridhaa ya mwenyewe, na wakati wa vita yanaruhusu hilo kwa utaratibu wa sheria tu.

"Kupangisha" kunaleta wazo la kodi na makubaliano, na "kukaribisha" kunaficha shuruti, ambayo kwangu ndiyo kiini cha malalamiko yote. Nimejaribu "kuwalazimisha raia kuwapa askari malazi", lakini ni maneno mengi mno kurudiwa kila aya. Tena sheria ya Uingereza ya mwaka 1765 kwa makoloni yake ya Amerika iliwaelekeza askari kwenye kambi, kisha nyumba za wageni na majengo yasiyokaliwa, si kwenye nyumba za familia, nami nisingependa tofauti hiyo ipotee.

Je, "kuwalaza askari majumbani" kutaeleweka bila kudhaniwa kuwa ni wagonjwa? Na je, wazee wa Newala au Lindi wana neno fupi walilozoea kwa jambo hili?