Mihadhara ya ndege Malindi: "watu wote mwakaribishwa" ni kwenye tangazo tu

Assalaam aleikum na habari zenu wana-Malindi. Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike, hazikupoa.

Hiki kikundi chetu cha watazama ndege sikitaji jina, wahusika wanajijua. Kila mara hubandika tangazo: mhadhara wa wazi, watu wote mwakaribishwa. Haya, nenda. Mahali ni hoteli ya ufukweni. Saa ni kumi na mbili na nusu jioni, yaani Maghrib yenyewe. Kiingilio ni shilingi 1,500 pamoja na kinywaji ambacho wengi wetu hatukinywi, lakini twakilipia. Katika mji huu, ni nani aliyekaa akapanga saa hiyo bila kufikiria adhana?

Mara ya mwisho mada ilikuwa mlango wa Mto Sabaki. Nikaenda na vijana wawili wa huko Sabaki, mmoja kazi yake ni kuwatembeza wageni kule mtoni. Getini askari akatoa karatasi ya majina, akatuweka kando tumsubiri mratibu. Wazungu waliotufuata nyuma wakapita moja kwa moja, hawakuulizwa hata jina. Tulipoingia, mhadhara ulikuwa umefika katikati.

Mhadhara wote kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Yule kijana mtembeza wageni alinyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili: mchanga umesogea, pale shakwe walipokuwa wakilala panafikiwa na maji sasa, je, wamehamia wapi? Swali la mtu anayeliona jambo kila siku. Akaambiwa aliandike kwa Kiingereza kwenye kikaratasi, atajibiwa kwa barua pepe. Alikipokea, akakikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama punje ya mahindi, hakuandika neno. Dakika chache baadaye msemaji akalalamika kwamba jamii ya hapa haijali ndege. Jamaa zangu, jamii ilikuwa imekaa safu ya nyuma!

Matembezi nayo ni yale yale. Walitangaza kwenda Mida, kule kwenye hori la mikoko, saa wakaipanga wanavyotaka wao. Tukafika maji yamekupwa kabisa, ndege wako mbali kule kwenye matope, ukitazama kwa jicho ni vidoa tu. Darubini za kikundi zilikuwa mikononi mwa wanachama. Mvuvi yeyote wa Mida angewaambia waje maji yakianza kujaa, kwa sababu maji ndiyo yanayowasukuma ndege karibu na mikoko. Hakuulizwa.

Na haya si mambo ya starehe ya watu wachache. Kuanzia Agosti hivi mpaka Aprili, ndege wa kutoka Ulaya na Asia hula kwenye matope yetu. Sabaki kuna wanaovuka bahari kutoka Madagaska wakati wa kusi. Mto wenyewe unatoka bara, huko juu waitwa Athi, kisha Galana, na udongo unaobeba ndio unaofanya bahari yetu kuwa nyekundu msimu wa mvua. Mnana wa Kilifi, ndege mdogo, duniani hapatikani ila katika kaunti hii ya Kilifi, kwenye misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua anajenga wapi kiota, hadi 2013 viota vilipoonekana kwenye bwawa huko Dakatcha, na wenyeji wa Dakatcha walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakivitafuta. Sasa watu kama hao ndio wa kusimamishwa getini?

Msiniambie haiwezekani. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi tangu 1971, mtu yeyote hujiunga, hata asiyejua ndege hata mmoja. Sisi tulio na msitu, mto na mikoko tunashindwa na nini?

Nataka kikundi kifanye mhadhara wa Sabaki upya, na uwe Sabaki kwenyewe, uwanja wa shule watosha. Iwe Jumamosi baada ya Alasiri, kwa Kiswahili, bure. Anayetaka Kiingereza atafsiriwe yeye. Wale vijana wasimame mbele wazungumze kama wazungumzaji, walipwe kama anavyolipwa mgeni anayeletwa kutoka Nairobi. Kama wafadhili ndio wanaotaka hoteli, basi tuambiwe wazi, na neno "wote" litolewe kwenye tangazo.

Barua nimeshawapelekea, jibu nililopata ni kwamba "maoni yamepokelewa". Ndiyo maana nimekuja hapa. Kama wewe pia ulizuiwa getini, au swali lako lilikataliwa, andika hapa chini siku na mahali. Na kama u mwanachama wa kikundi na unasoma, usinitumie ujumbe wa faragha. Jibu hapa hapa, mbele ya watu.